COVID-19: Kwa nini kutoka chumba cha wagonjwa mahututi si mwisho wa ugonjwa

Uganda ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa COVID-19 tarehe 21 Machi 2020. Miaka mitatu baadaye, tarehe 5 Mei 2023, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza kwamba janga hilo si dharura ya kimataifa tena. Kwa waliougua kikohozi na homa kwa wiki moja, habari iliishia hapo. Kwa waliowekewa oksijeni siku baada ya siku, au kuingizwa bomba la kupumulia kooni, sehemu ya pili ya ugonjwa ilianza siku waliyoruhusiwa kurudi nyumbani.

Kiswahili kinatofautisha kunusurika na kupona, ingawa katika mazungumzo ya kila siku tofauti hiyo husahaulika. Mtu akirejea Arua au Koboko kutoka hospitali, jamaa humshukuru Mungu na kumwambia amepona. Miezi miwili ikipita naye bado hawezi kubeba debe la maji wala kukaa dukani hadi jioni, maneno hubadilika: amekuwa mvivu, amezoea kuhudumiwa. Utafiti wa kitabibu unaonyesha kwamba lawama hiyo haina msingi.

Misuli inayoyeyuka

Mgonjwa mahututi hupoteza misuli kwa kasi ambayo wengi hawaitarajii. Watafiti wa Uingereza waliopima misuli ya paja ya wagonjwa wa aina hiyo, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, walikuta imepungua kwa karibu asilimia 18 ndani ya siku 10. Kulala bila kujongea ni sababu mojawapo tu. Uvimbe wa ndani unaotokana na maradhi humeng'enya nyama ya mwili, na mishipa ya fahamu ya miguu na mikono nayo huweza kuharibika. Ndiyo maana baadhi ya watu huhisi ganzi au moto nyayoni kwa miezi mingi.

Kuna pia dawa yenyewe. Deksamethasoni, ambayo utafiti wa Uingereza ulionyesha Juni 2020 kuwa inapunguza vifo vya wagonjwa wanaohitaji oksijeni, iliokoa maisha ya wengi. Hata hivyo hupandisha sukari mwilini, na ikitumika kwa muda mrefu huchangia kudhoofisha misuli. Aliyetibiwa kwa dawa hiyo, kisha akawa na kiu isiyokwisha na kukojoa mara kwa mara, anapaswa kupimwa sukari.

Kupata nafuu huchukua muda mrefu. Huko Toronto, Canada, miaka mingi kabla ya Korona, madaktari waliwafuatilia watu 109 waliokuwa wamenusurika na mapafu kushindwa kufanya kazi. Mwaka mmoja baadaye, takriban nusu yao tu walikuwa wamerudi kazini, na wengi wao walikuwa bado vijana au watu wa makamo. Uholanzi, kati ya wagonjwa 246 wa COVID-19 waliotoka vyumba vya wagonjwa mahututi, asilimia 74 walikuwa bado na matatizo ya kimwili baada ya mwaka mmoja. Asilimia 26 walikuwa na matatizo ya kiakili kama vile wasiwasi na huzuni, na asilimia 16 walitatizika katika kukumbuka na kufikiri.

Kumbukumbu za mambo ambayo hayakutokea

Jambo ambalo familia hulielewa kwa shida zaidi ni ndoto. Mgonjwa aliyelazwa usingizi kwa dawa, akikosa hewa ya kutosha, huweza kuchanganyikiwa na kuona mambo yasiyokuwepo: kwamba alifungwa kamba, kwamba wauguzi walitaka kumuua. Wakati wa Korona hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa wahudumu walifunika nyuso na jamaa walizuiwa kuingia. Picha hizo hubaki kichwani kama kumbukumbu halisi, na si ajabu nyumbani zikatafsiriwa kuwa mapepo.

Katika nchi za Skandinavia, wauguzi huandika shajara ya kila siku ya mgonjwa na kumkabidhi baadaye, apate kujua kilichompata. Familia inaweza kufanya jambo hilo hilo kwa mdomo: kumsimulia, bila haraka, alipelekwa lini, nani alikaa nje ya wodi, lini alifumbua macho. Haigharimu chochote.

Hali ya Nile Magharibi

Takwimu zilizochapishwa mwaka 2020 zilionyesha kuwa Uganda nzima ilikuwa na vitanda 55 vya wagonjwa mahututi, yaani 1.3 kwa kila watu milioni moja, vingi vikiwa Kampala, takriban kilomita 500 kutoka Arua. Maana yake ni kwamba wagonjwa wengi waliougua vikali hawakufika kwenye chumba chenye jina hilo. Walitibiwa kwa oksijeni katika wodi za hospitali za rufaa za mikoa, ikiwemo ile ya Arua, ambayo huwahudumia pia watu wanaovuka mpaka kutoka Kongo na Sudan Kusini. Hawahesabiwi kuwa walitoka uangalizi maalumu, lakini misuli na mapafu yao hayajui tofauti hiyo.

Kwa miaka mingi eneo hili halikuunganishwa na gridi ya taifa ya umeme, na mashine ya kuzalisha oksijeni nyumbani haifanyi kazi bila umeme. Anayeishi Koboko naye husafiri zaidi ya kilomita 50 kufika hospitali ya rufaa. Barabara ni ya lami, lakini nauli ya mgonjwa na msindikizaji wake si kitu kidogo kwa mtu aliyekwisha kuuza mbuzi ili alipie matibabu.

Kufanya mazoezi au kupumzika?

Hapa ushauri hutatanisha, maana hali mbili hufanana. Udhaifu wa misuli hutibiwa kwa kujongea: kuinuka kitini mara kumi, kutembea hadi kwa jirani, kesho kuongeza hatua chache, pamoja na kula chakula chenye protini kama maharage, karanga, simsim, samaki au mayai. Lakini baadhi ya watu wana Korona ya muda mrefu, ambayo WHO huieleza kuwa dalili zinazokuwepo kwa kawaida miezi mitatu baada ya maambukizi, zilizodumu angalau miezi miwili na zisizoelezeka kwa ugonjwa mwingine. Kati yao wapo ambao juhudi ndogo huwaangusha kitandani siku inayofuata au mbili baadaye. Mtu wa namna hiyo akilazimishwa mazoezi huzidiwa. Kipimo rahisi ni kuangalia kesho yake: aliyechoka jioni na kuamka salama aongeze kidogo, anayeporomoka baada ya siku moja apunguze kazi na kuigawa vipande vipande.

Zipo dalili zisizofaa kusubiri. Sauti ya kukoroma au mluzi wakati wa kuvuta pumzi, wiki kadhaa baada ya kutolewa bomba, huweza kuashiria njia ya hewa imesinyaa. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au maumivu ya ghafla ya kifua, huenda ikawa damu iliyoganda. Zote zinahitaji hospitali siku hiyo hiyo.

Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili pamoja na kukonda kinahitaji kipimo cha makohozi, kwa kuwa kifua kikuu bado kipo kwa wingi Uganda, na kovu la mapafu lililoachwa na Korona huweza kufanana nacho kwenye picha ya eksirei. Kwa sababu hiyo, karatasi ya ruhusa kutoka hospitali itunzwe na ipelekwe kila kliniki, iwe Arua, Koboko au kituo cha afya katika makazi ya wakimbizi ya Lobule. Mhudumu atahitaji kuona humo siku ngapi mgonjwa alikaa kwenye oksijeni, kama aliwekewa bomba, na dawa alizopewa.