Land Rover ya 1967 Inauzwa Bigwa

Kwingine duniani gari la mwaka 1967 ni pambo. Linatolewa Jumapili, linafutwa kwa kitambaa laini, jioni linarudishwa bandani. Huku kwetu Morogoro gari la umri huo huenda asubuhi ya leo limeshuka kutoka Kinole, kwenye milima ya Uluguru, na mikungu ya ndizi juu, abiria wamebanana ndani na utingo ananing'inia nyuma. Kwa hiyo niliposikia kwamba pale Bigwa kuna Land Rover 109 imefufuliwa kuanzia chasisi na inauzwa, sikuuliza bei kwanza. Nilitaka kujua imefufuliwa kwa ajili ya nani.

Mimi nimekulia kwenye duka la spea. Baba aliuza bushi, plagi, mikanda ya feni na mafuta ya gia huko Mji Mpya, na nusu ya wateja wake walikuwa madereva wa milimani. Biashara ile haipo tena, ila fundi mmoja aliyekuwa akishinda kibarazani kwetu bado yupo na bado ana nyundo yake. Nilimpitia, tukaenda wote.

Kabla sijalielezea gari lenyewe, niseme kidogo juu ya ukoo wake, maana huwa tunaisifia Uingereza peke yake na kumsahau babu. Babu ni Mmarekani. Mwaka 1940 jeshi la Marekani lilitaka gari dogo la kupita popote; kampuni ndogo ya Bantam huko Pennsylvania ikatengeneza la kwanza, kisha Willys na Ford wakaunda jipu hizo kwa wingi, zaidi ya laki sita hadi vita kwisha. Jipu moja ya namna hiyo ilibaki kwenye shamba la Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, kisiwani Anglesey, Wales. Alipojiuliza angenunua nini ikishakufa, hakuona jibu, akaamua kutengeneza la kwake. Gari la majaribio lilikaa juu ya chasisi ya jipu. Aprili 30, 1948, Land Rover ikaonyeshwa hadharani Amsterdam.

Chuma cha mabati kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita, alumini ikawa inapatikana, basi bodi ikawa ya alumini. Rangi ya kwanza ilikuwa ile ya kijani iliyobaki jeshini. Yaani mambo mawili ambayo leo wapenzi wa magari wanayatolea machozi, bodi isiyopata kutu na ule ukijani, yalitokana na uhaba.

Wamarekani wenyewe miaka ya hamsini walikuwa wamehamia kwenye mambo mengine: Chevrolet Bel Air, Cadillac zenye mapezi nyuma kama papa, magari marefu, mapana, tumbo karibu na lami. Ya namna hiyo yamebaki mengi Havana. Baada ya mapinduzi ya 1959 na vikwazo vilivyofuata, Cuba haikupata tena magari mapya kutoka Marekani, mafundi wa kule wakayatia injini za dizeli na spea za Lada ili yaendelee kubeba watu. Huku Uluguru, kilichozibakiza Land Rover ni barabara.

Upande wa mashariki wa milima unatazama Bahari ya Hindi na unapokea mawingu yote yanayotoka huko. Kwenye miteremko ya juu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Udongo ni mwekundu, ukilowa ni sabuni. Kutoka Bigwa unapita Kiroka, kisha unaiacha njia kuu na kuanza kupanda kuelekea kwenye ndizi, machungwa, mananasi na viungo. Upande wa pili, Mgeta, kuna kabichi, viazi na njegere za Nyandira, na kona ambazo gari refu huzikata kwa awamu, mbele kidogo, nyuma kidogo, utingo akiwa na jiwe mkononi la kuwekea tairi. Kule gari la chini, hata liwe jipya kiasi gani, ni mzigo. Bodaboda zimechukua abiria wengi, kweli, lakini bodaboda haishushi magunia kumi.

Sasa gari. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, mtu wa kunyoosha mambo. Tulipomwamkia, "Shikamoo Mwalimu," alijibu marahaba huku tayari ameshafungua boneti. Ni 109, kwa maana ya inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, karibu mita 2.77. Ni stesheni wagoni, ina paa la bati mbili ili hewa ipite katikati na jua lisiwachome walio ndani. Taa kubwa ziko kwenye nyavu katikati, zimekaribiana, hazijahamia kwenye madigadi. Hilo ni jambo la kwanza la kuangalia: mwishoni mwa miaka ya sitini ndipo taa zilipohamia pembeni, kwa hiyo ukiambiwa gari ni la 1964 na taa ziko kwenye madigadi, uliza maswali. Ndani, saa ya spidi iko katikati ya dashibodi. Kwenye toleo la tatu, lililoanza 1971, ilihamia mbele ya dereva, na nyavu ya mbele ikawa ya plastiki.

Fundi hakuyajali hayo. Alitoa mfukoni smaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, akaiweka kwenye digadi la kushoto. Ikaanguka. Akaiweka kwenye mlango, ikaanguka. Digadi la kulia, ikaanguka tena, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Smaku ikishika mahali panapotakiwa kuwa alumini, ujue pamezibwa kwa bati la kawaida. Isiposhika, bado hujamaliza, maana haishiki puti vilevile. Hapo unagonga kwa kucha na kusikiliza. Halafu akaangalia pembezoni mwa riveti, pale alumini inapokutana na chuma. Vikikaa pamoja kwenye unyevu, alumini ndiyo inayolika, inatoa unga mweupe. Palikuwa safi.

Kisha akalala chini. Watu wengi wakinunua gari lililofufuliwa huangalia rangi, na muuzaji analijua hilo. Land Rover hufia chini. Bodi inaweza kuishi miaka mia, chasisi ni chuma, na matope ya Kinole hukaa humo ndani ya mabomba yake mwaka mzima. Nyundo ilianza mbele: kling, kling, kling. Sauti kali, fupi. Ilipofika kwenye ule mti wa nyuma unaoshika ndoano ya kuvutia, sauti ikabadilika ikawa nzito. "Hapa umeweka kiraka, Mwalimu." Mwalimu akasema ndiyo, amekata kipande kilichooza na kuchomelea kipya, na picha anazo. Alizileta. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa rangi.

Nikaomba kukaa kwenye usukani. Kuna gia ndefu ya kawaida na pembeni yake vigia viwili. Chenye kichwa cha njano unakisukuma chini, tairi za mbele zinaanza kuvuta. Chenye kichwa chekundu unakivuta nyuma, unapata gia nzito ya kupandia, gari linatembea taratibu kuliko mtu anayekwenda sokoni, na halisimami. Hakuna swichi wala taa ya kompyuta. Vyote viwili vilikubali bila kelele.

Mgogoro ulikuwa kwenye injini. Gari hili, kama mengi ya milimani, lilikuwa limeshatolewa injini ya petroli na kuwekewa dizeli ya Kijapani. Mwalimu ameitoa hiyo dizeli na kurudisha ya petroli ya asili, lita 2.25, mitungi minne, nguvu za farasi zaidi kidogo ya 70. Inaunguruma vizuri mno. Pia inakunywa lita moja kwa kilomita sita hivi, hapo ni tambarare.

Dereva mmoja wa Kinole alikuwa amesimama nasi muda wote, mikono nyuma. Mwalimu aliposema bei, milioni 28, akaguna.

"Mwalimu, hii ukiipandisha kwetu wiki moja tu, utalia."

"Sijaitengeneza ikabebe ndizi," Mwalimu akamjibu.

Hapo ndipo nilipopata jibu langu. Soko analolitazama Mwalimu liko mbali na Bigwa. Marekani gari likitimiza miaka 25 linaweza kuingizwa bila kutakiwa kutimiza masharti ya usalama ya magari mapya, na Land Rover kuukuu zimekuwa zikitafutwa kwa sababu hiyo. Kiwandani Solihull kwenyewe, kampuni ilitangaza mwaka 2016 kwamba itafufua Land Rover 25 za toleo la kwanza na kuziuza, kwa bei ya kuanzia pauni 60,000. Na Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, likilenga kuvunja rekodi ya Ujerumani ya magari 632 kwenye msafara mmoja iliyowekwa 2018. Tangu hapo kila mwenye mkweche uani anajiona ana akiba benki.

Sasa mkusanyaji wa kweli, akiwa Oysterbay au Texas, atauliza swali ambalo Mwalimu halipendi. Injini aliyoirudisha ni ya aina ileile, lakini haikuzaliwa na gari hili. Aliipata Iringa, kwenye Land Rover iliyokwisha kuoza. Namba ya chasisi, iliyogongwa upande wa kulia mbele pale springi inaposhikiliwa, inalingana na kadi. Tuliikwangua rangi na kuisoma tarakimu kwa tarakimu. Namba ya injini hailingani. Kisheria inarekebishika: inapelekwa TRA, gari linakaguliwa, kadi inabadilishwa, na hilo lifanywe na muuzaji kabla ya kupokea hata senti. Kibei, inapunguza. Kwa mwenye kutaka gari la kweli kwa matumizi ya kawaida, kwa ukaguzi niliouona ningelilipia milioni 20, labda 21 akitupia na tairi la akiba, ambalo ni jipya.

Kwa milimani, gari hili limetengenezwa kupita kiasi. Dereva wa Kinole hataki kiti cha ngozi kitakachoingia tope. Anataka springi zilizoongezwa, keria ya chuma juu, na dizeli anayoweza kuipatia spea Morogoro mjini kabla ya saa nne asubuhi. Mafundi wa kule wamekuwa wakifufua Land Rover kila wiki kwa miongo kadhaa, kipande kimoja kimoja, gari likiwa kazini, na hakuna anayewapiga picha.

Tulipokuwa tunaaga, dereva yule akamvuta Mwalimu pembeni. Alitaka kujua ile dizeli aliyoitoa iko wapi. Ilikuwa nyuma ya nyumba, imefunikwa turubai, imekaa juu ya tairi. Fundi akaitwa tena na nyundo yake, akafungua kifuniko cha mafuta, akachovya kidole, akanusa. Wakabishana bei hadi adhuhuri, wakaelewana, na jioni injini ikapakiwa kwenye Land Rover nyingine, ya rangi tatu, kupelekwa Kinole.