Daftari la Mwethya

Ukitaka kujua kama kikundi cha Ukambani kiko hai au kimebaki jina tu, usitafute ofisi wala bango la barabarani. Omba kuonyeshwa daftari. Mara nyingi ni lile la shule, jalada limelegea, na mbele ya kila jina kuna alama za siku: aliyefika, aliyechelewa, aliyetuma mtu badala yake, anayedaiwa faini.

Mwethya ni kazi ya pamoja ya Wakamba, na ni ya zamani kuliko daftari. Mwenye shamba la kufyeka au nyumba ya kuezeka aliwaita watu wa utui wake, yaani majirani wa karibu, nao wakaja na majembe yao. Aliwalipa kwa chakula cha siku hiyo, na kwa deni la kwenda kwao zamu yao ikifika. Chakula chenyewe hakikutakiwa kiwe cha aibu: muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, umepikwa na mbaazi au kunde hadi ukalainika. Aliyebania sufuria alijua msimu ujao atalima peke yake.

Serikali ya kikoloni haikuielewa hesabu hiyo. Mwaka 1938 ilipowapunguzia Wakamba ng'ombe kwa nguvu, eti kuokoa udongo, mwenzao Muindi Mbingu aliongoza maelfu hadi Nairobi kumtafuta gavana, na mwenyewe akaishia kizuizini Lamu. Baadaye ikaja kazi ya lazima ya kuchimba matuta, machifu wakiwa wasimamizi, na matuta yakachukiwa kama kodi. Miaka ya 1950 kazi hiyo ikaachiwa vikundi vya mwethya vilivyojichagulia viongozi, wanachama wengi wakiwa wanawake. Milima ya Machakos ikaanza kupigwa mistari. Jembe lilikuwa lilelile na jua lilelile. Kilichobadilika, naona mimi, ni sauti iliyoita.

Kutoka hapo si mbali kufika Kola, Machakos, ambako mwaka 1978 Joshua Mukusya na majirani zake walianzisha kikundi cha Utooni. Kikundi hicho kilikuja kuwa shirika linalosaidia vikundi vingine kujenga mabwawa ya mchanga. Bwawa la namna hii humshangaza mgeni kwa sababu halionyeshi maji. Ukuta hujengwa juu ya mwamba, kukatiza mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na kati ya chembe zake maji hujificha, jua lisiyafikie na mbu wasipate pa kutagia. Kiangazi kikikaza, mama aliyezoea kumfuata punda nusu siku hupata maji kwenye kisima kando ya mto wa kwao.

Shirika huleta saruji na fundi. Mawe, mchanga, maji ya kuchanganyia na mikono ni vya wenyeji, na mara nyingi hutakiwa kwanza wachimbe matuta kwenye miteremko ya jirani. Wafadhili hupenda kuuita huu mchango wa jamii. Mimi naona mambo yamegeuzwa: saruji ndiyo mchango, na mwethya ndio kazi yenyewe. Pale wanapoanza kulipa watu kwa siku, daftari hujaa haraka, na siku malipo yanapokoma hubaki jeupe.

Mchanga wa mito hii sasa una adui wake, lori linaloingia mtoni usiku kuchota bidhaa ya majengo ya mjini. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015, lakini sheria hailali mtoni. Wanaosikia injini gizani ni watu wa kijiji.

Siku moja nilikaa kando ya katibu wa kikundi kimoja akiweka alama. Mstari wa wanawake ulipitisha mawe mkono kwa mkono, mwimbishaji akitangulia nao wakimwitikia. Chini ya mgunga aliketi bibi mmoja ambaye hakuinua jiwe hata moja tangu asubuhi, na bado aliandikiwa siku nzima. Nikauliza kulikoni.

Katibu akaelekeza kidevu kivulini: watoto watano, wawili wamelala.

"Mama zao ndio wale kwenye mawe," akasema, akageuza ukurasa.