Ahueni Inapokwama
(Sehemu ya tatu)

Wiki iliyopita tulimwacha mgonjwa wa anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula kwa kuogopa unene, ameanza kula. Uzito umepanda kidogo, uso umechangamka, nyumbani nao wameanza kupumua. Kisha mambo yanasimama. Miezi inapita, mizani haisogei, na mwenyewe anauliza, "Kwani sili? Mwili wangu ndivyo ulivyo." Ndugu wanakubali, maana wamechoka. Kwa maoni yangu hapo si pa kulegeza kamba hata kidogo.

Jaribio moja la zamani linaonyesha kwa nini. Mwaka 1945, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapunguzia chakula kwa wiki 24 vijana 36 waliojitolea. Walikuwa wamekataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri, wazima wa mwili na akili, na hawakuwa watu wa kuogopa unene. Walilishwa viazi, mkate na makaroni, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Wakaanza kulamba sahani, kukusanya vitabu vya mapishi, kusikia baridi wenzao wakitoka jasho. Mengi tunayoyaita vituko vya mgonjwa ni kazi ya njaa yenyewe.

Kinachotuhusu leo ni wiki 12 zilizofuata, za kuwarudishia afya. Keys aliwagawa katika makundi manne, kila kundi likaongezewa chakula kwa kiwango chake. Baadhi yao wakapewa pia vitamini au protini za ziada. Vitamini hazikufua dafu. Walioongezewa chakula kidogo walibaki karibu palepale: nguvu hazirudi, hasira zinapanda, ugomvi na watafiti kila mara. Kilichowatoa ni chakula kingi zaidi. Keys alifikia uamuzi kwamba mwanamume aliyedhoofika namna ile huhitaji kama kalori 4,000 kwa siku, tena kwa miezi.

Sababu yake ni kwamba mwili ukianza kushiba hauweki akiba tu. Unarudisha joto, unajenga upya misuli, ule wa moyo ukiwemo, unafufua homoni zilizolala, na matumizi yake ya nishati yanapanda. Sahani iliyoongeza uzito mwezi wa kwanza huishia kwenye ukarabati mwezi wa tatu. Anayekwama mara nyingi bado anakula sahani ileile.

Tena mtazame mezani. Ugali kiasi cha ngumi, mchicha wa kuchemsha bila mafuta, samaki amebanduliwa ngozi. Wali wa nazi haugusi. Andazi, "sina hamu". Sukari kwenye chai, "nimeshazoea hivi". Akimaliza anainuka kuosha vyombo vya nyumba nzima, kisha anashika ufagio, na mama anamshukuru Mungu kwa binti mchapakazi! Hizo zote ni amri za ugonjwa, zimevaa nguo za adabu njema.

Kwa vijana, tiba iliyoanzia Hospitali ya Maudsley, London, inawakabidhi wazazi sahani kwa muda: wao ndio wanaopakua, wanakaa naye hadi amalize, na mabishano ya kiasi hayafunguliwi. Vyakula vinavyoogopwa hurudishwa kimoja kimoja. Wali wa nazi leo, keshokutwa tena, na tena, mpaka hofu ichoke. Kuonja mara moja na kupongezwa hakutoshi. Vyombo vioshwe na mwingine.

Lakini aliyekonda mno, au aliyekaa siku kadhaa bila kula, asishindiliwe chakula nyumbani. Fosfati kwenye damu inaweza kushuka ghafla na moyo ukapata hitilafu ya kuua. Huyo aanzie hospitalini, apimwe damu, aongezewe kwa hatua chini ya uangalizi. Hata aliyekwama tu apimwe mapigo ya moyo na presha kabla ya kubadili mpango.

Na jambo moja kwa majirani na mashangazi. Kwetu kumwambia mtu "umenenepa" ni kumsifu, anakula vizuri, maisha yamemnyookea. Mgonjwa huyu akilisikia neno hilo Jumapili nje ya kanisa, Jumatatu chai inarudi jikoni haijaguswa. Muulizeni habari za masomo.

Wiki ijayo: bulimia, ugonjwa ambao Gerald Russell aliueleza kitaalamu mwaka 1979, na kwa nini mgonjwa wake anaweza kuishi nanyi miaka bila kumgundua.