Mti wa Lumbini na Swali la Buddha

Mwaka 2013 vyombo vingi vya habari vilitangaza kwamba mahali alipozaliwa Buddha pamethibitishwa. Habari ilitoka Lumbini, kusini mwa Nepal. Timu iliyoongozwa na Robin Coningham wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, na Kosh Prasad Acharya wa Nepal, ilikuwa imechimba ndani ya hekalu la Maya Devi, mama yake Buddha. Walichokipata ni kikubwa, lakini hakitoshi kumthibitisha mtu.

Chini ya matofali ya hekalu walikuta mashimo yaliyowahi kushika nguzo za mbao, yamezunguka uwanja usio na paa. Katikati ya uwanja kulikuwa na mabaki ya mizizi ya mti. Mkaa wa kwenye mashimo ulipimwa kwa radiokaboni. Udongo nao ulipimwa kwa njia nyingine ambayo mimi naiona ya ajabu zaidi. Chembe ya mchanga iliyofukiwa hujilimbikizia nishati kutokana na mionzi hafifu ya ardhini, mwaka baada ya mwaka, na mwanga wa jua huifuta nishati hiyo yote. Kwa hiyo sampuli huchukuliwa bila kuguswa na jua, kisha maabara huimulika. Chembe hutoa mng'ao unaoonyesha imekaa gizani muda gani. Vipimo vilielekeza karne ya 6 KK hivi.

Mti uliozungushiwa uzio na kutunzwa hivyo bila shaka ulikuwa mahali pa ibada. Ibada ya nani, ndilo swali. Watu wa Bara Hindi waliheshimu miti mitakatifu kabla Ubuddha haujazaliwa, na wataalamu waliokosoa tangazo lile walilikumbusha hilo. Mkaa hauna jina.

Jina tunalipata baadaye, katika karne ya 3 KK, kwenye nguzo ya jiwe ya Mfalme Ashoka wa India iliyogunduliwa hapo hapo mwaka 1896. Mfalme anasema alifika mwenyewe, miaka 20 baada ya kutawazwa, kwa kuwa hapa ndipo alipozaliwa Buddha wa ukoo wa Shakya, na kwamba amekipunguzia kijiji cha Lumbini kodi. Habari hiyo ya kodi inanigusa: kulikuwa na wakulima hapa, na imani ya kwamba Buddha ni mwana wa kijiji chao iliwaletea nafuu ya kweli.

Lakini kuna nguzo nyingine, si mbali na hapo, huko Nigali Sagar. Juu yake Ashoka huyohuyo anasema ameipanua stupa (kilima kitakatifu cha ukumbusho) ya Konakamana, ambaye katika mapokeo ni Buddha wa zama za kale kabla ya huyu tunayemjua. Wanahistoria hawamhesabu Konakamana kuwa mtu aliyewahi kuishi. Basi jiwe la mfalme linatuambia watu waliamini nini wakati wake, na linaishia hapo.

Wenye shaka wamekuwepo muda mrefu. Katika karne ya 19 Mfaransa Émile Senart aliyasoma maisha ya Buddha kama hekaya ya jua. Mwaka 2017 mtafiti David Drewes alidai kwamba hakuna hata tukio moja la maisha yake lililothibitishwa kihistoria. Hoja ya Drewes ni nzito na haistahili kupuuzwa.

Hata hivyo mimi naamini aliishi. Mapokeo yanamtoa katika ukoo mdogo uliokuwa chini ya ufalme wa Kosala. Yanamweka katika zama za Bimbisara na Ajatashatru wa Magadha, wafalme ambao Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, nao wanawakumbuka. Na kifo chake ni cha mzee wa miaka 80 aliyeshikwa na tumbo la kuhara baada ya kula kwa mhunzi aitwaye Chunda. Mtunzi anayebuni mtukufu wa kumwabudu asingemchagulia kifo hicho. Huo ni uzito wa uwezekano tu. Maabara haiwezi kuupima.

Ugumu uliobaki ni wa tarehe. Mapokeo ya Sri Lanka yanaweka kifo chake miaka ya 540 KK, lakini watafiti wengi wa leo wanakisogeza hadi karibu na 400 KK. Wakiwa sahihi, na vipimo vya Lumbini navyo vikiwa sahihi, basi mti ule ulikuwa tayari umezungushiwa uzio na kuheshimiwa vizazi kadhaa kabla mama yake hajafika hapo kujifungua.