Mbwa, paka wapimwe hata wakiwa wazima

KATIKA vijiji na miji midogo ya Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, si ajabu kumwona mfugaji akitembea umbali mrefu kumtafuta ofisa mifugo kwa sababu ng'ombe wake amegoma kula. Ni nadra kumwona mtu huyo huyo akifanya hivyo kwa ajili ya mbwa anayemlinda ng'ombe huyo usiku. Mbwa hukumbukwa anapoanza kudondosha mate na kung'ata kila kilicho mbele yake, na hapo muda huwa umekwisha kupita.

Ng'ombe ana bei mnadani, mbwa hana. Hesabu hiyo inaeleweka, lakini ina kasoro. Mbwa na paka ndio wanyama wanaoingia ndani, wanaochezewa na watoto na kulamba vyombo. Ugonjwa wao ni ugonjwa wa nyumba nzima.

Kichaa cha mbwa ndicho kinachotisha zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Asia na Afrika, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa mgonjwa, hakuna tiba ya kutegemea. Wanaong'atwa kwa wingi ni watoto.

Uchunguzi wa kawaida, angalau mara moja kwa mwaka, hauchukui muda mrefu. Daktari wa mifugo humpima mnyama uzito na joto la mwili, ambalo kwa mbwa mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39 hivi. Humkagua macho, meno, masikio na ngozi, humpapasa tumbo na matezi. Ufizi uliopauka huashiria upungufu wa damu, na mara nyingi chanzo chake ni minyoo au vijidudu vinavyoenezwa na kupe. Minyoo ya watoto wa mbwa hutoka kwa mama yao, wakiwa bado tumboni au wanaponyonya, na mayai yake hubaki kwenye udongo wa uani, pale pale wanapochezea watoto wa binadamu. Ndiyo maana mbwa mchanga hupewa dawa ya minyoo mara kwa mara tangu wiki za mwanzo, wala hasubiriwi akonde.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa mnyama anapofikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa muda anaoelekeza daktari. Paka naye achanjwe. Wengi humsahau kwa kuwa kazi yake ni panya, lakini naye hung'atwa na mbwa mgonjwa, kisha hurudi kulala kitandani.

Ngara na Biharamulo zina mambo yake ya ziada. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Anayeishi kandokando ya mapori yenye mbung'o ajue kuwa mbwa hudhurika upesi na nagana, ugonjwa ambao wafugaji wengi huuita ndorobo. Mbwa mwenye homa za kurudiarudia, aliyekonda na macho yakafunga ukungu, asidhaniwe amezeeka. Madhara huweza pia kwenda upande wa porini: mwaka 1994 virusi vya distempa, maradhi ya mbwa, viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Kisha kuna mpaka. Magari husimama Rusumo na Kabanga kukaguliwa, mbwa hasimami. Funzo lipo Pemba, ambako kampeni za kuchanja mbwa zilikitokomeza kichaa cha mbwa, lakini mwaka 2016 kikaingia upya kutoka nje ya kisiwa. Chanjo zikarudiwa, na mwaka 2018 kikatokomezwa tena. Wataalamu husema ni lazima kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo ili ugonjwa ushindwe kuenea. Mbwa mmoja aliyechanjwa katikati ya kumi wasiochanjwa ni kinga ndogo sana kwa mtaa.

Kisingizio cha kukosa jokofu vijijini nacho kimepungua nguvu. Utafiti uliofanyika kwa mbwa wa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa aina moja ya chanjo hiyo iliendelea kufanya kazi vizuri hata baada ya kukaa miezi sita katika nyuzi joto 25.

Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu. Mbwa asiuawe kwa hasira iwapo anaweza kufungwa kwa usalama. Ofisa mifugo aitwe amwangalie kwa siku 10, na apewe kadi ya chanjo kama ipo. Mbwa akibaki mzima hadi siku hizo ziishe, daktari anaweza kuamua kusitisha sindano zilizobaki.