Jina moja, adresi tofauti: namna ordinateri inatenganisha kazi zenye kufanana

Uko na Ilunga wawili katika telefone. Mmoja anauzisha samaki Kilwa, mwingine ni shofa wa Lubumbashi. Unaandika Ilunga Kilwa na Ilunga Lubumbashi, bila hivyo utaita huyu, ajibu yule. Kompilateri, ile programu yenye kugeuza maandishi ya mtu kuwa maagizo ya mashini, nayo inafanya vile.

Shida inaonekana sana kwenye chipi za grafiki, zenye kuwa hata ndani ya telefone zetu. Kule memori haiko moja. Kuko ya wote, kubwa lakini mbali, sawa depo ya pale bandarini Pweto. Kuko ya kikundi, ndogo na karibu, sawa meza ya wauzaji wanne. Na kuko ya kila mfanyakazi, kitunga chake mwenyewe.

Katika luga ya OpenCL kuko kazi inaitwa fract. Ukiipa 7,25 inarudisha 0,25, na ile 7 inaiweka kwenye adresi uliyoonyesha. Sasa, kuweka depo na kuweka kitungani ni maagizo mbalimbali. Kwa hiyo fract ni tatu, na mwandishi anaandika jina moja tu. Njo kompilateri ya Clang inaongeza kitu sawa postinomu:

_Z5fractfPf
_Z5fractfPU3AS1f
_Z5fractfPU3AS3f

Hii si uchawi. _Z ni alama ya kuanza. 5 ni hesabu ya herufi za fract. f ni namba yenye koma, P ni adresi. U inasema kuko nyongeza, 3 inahesabu herufi zake, na AS1 ni memori ya wote. AS3 ni ya kikundi. Jina la kwanza halina AS, juu kitunga ni namba 0, na 0 haiandikwe.

Magumu yanaanzia hapa: namba hizi hazifanane kila mahali. Katika mpango wa SPIR, 0 ni kitunga. Kwa chipi za AMD, kitunga ni 5, na 0 ni adresi ya jumla yenye kuweza kuonyesha popote. Maktaba ikitengenezwa kwa hesabu moja na programu kwa nyingine, kiunganishi kinalia kwamba jina halionekane. Na hiyo ni afazali! Mbaya ni majina yakilingana na maana haiko moja.

OpenCL 2.0 ya mwaka 2013 ilileta adresi ya jumla, basi fract moja inaweza kutumikia wote, lakini mara nyingine chipi inapoteza wakati kidogo kutafuta ni memori gani.

Kijana mwenye kusoma informatiki akikuta kosa la namna hii, aanze kuangalia namba yenye kufuata AS, mbele ya kufuta kazi yake yote.