Je, Wajua? Diski Mbili Nzima, Kompyuta Haiwaki!

Je, wajua kwamba kompyuta yenye diski mbili pacha (kila moja nakala ya mwenzake), zote mpya, faili zote zimo, yaweza kugoma kuwaka? Kisa ni baiti 512 tu! Hiyo ndiyo sekta ya kwanza ya diski, mahali BIOS, programu ya ndani inayoanzisha kompyuta, inapochungulia kwanza kwenye diski ukishabonyeza swichi.

Ngoja, kuna zaidi. Tangu PC DOS 2.0 ya mwaka 1983, baiti 64 kati ya hizo ni ramani ya vipande vya diski, na 2 ni muhuri. Programu ya kwanza ya kuiamsha mashine inabanwa kwenye 446 zilizobaki. Meseji tatu za simu, zilizojazwa herufi 160 kila moja, zinaizidi urefu!

Sasa sikia hili. Kwenye Linux, mara nyingi vinavyofanywa pacha ni vipande vya diski, wala si diski nzima, na sekta ya kwanza iko nje ya vipande vyote. Weka diski mpya: mfumo wa pacha wa Linux, unaosimamiwa kwa mdadm, utanakili matrilioni ya baiti bila kuruka hata moja, halafu zile 446 usiziguse kabisa! Ukibadilisha diski ya kwanza, kisha ya pili, GRUB, yaani programu ya kuwashia Linux, imeondoka na ile kuukuu uliyoichomoa mwisho.

Na hutajua! Mashine iliyokwisha kuwaka haiihitaji tena sekta hiyo, kwa hiyo seva itapiga kazi miezi na miezi. Siku ikizimwa na kuwashwa upya, kioo cheusi.

Unadhani data imepotea? Haijapotea hata chembe! Washa mashine kwa flashi yenye Linux, unganisha pacha zako, ingia kwenye mfumo wako kwa amri ya chroot, kisha endesha amri ya grub-install mara mbili: diski hii, na ile. Pacha ya terabaiti 4, kwa megabaiti 150 kwa sekunde, hunakiliwa kwa zaidi ya saa 7. Kurudisha GRUB? Kwa kawaida ni sekunde chache!

Nawe mwenye kompyuta mpya ya UEFI, mrithi wa BIOS, usijitoe. Kwako programu ya kuwashia hukaa kwenye kipande kidogo chenye mfumo wa faili wa FAT, na mara nyingi hicho nacho hakimo kwenye pacha. FAT yenyewe, wajua, ilizaliwa mwaka 1977!